Mamluki Wawili wa Mwaka 1916

Maneno haya niliyasema jioni, kabla ya fainali ya ligi yetu ya mtaa hapa Tanga. Kijana mmoja aliyarekodi kwa simu yake, nami nimeyaandika nikiwa nimetulia. Nimepunguza vicheko na kelele za bodaboda. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama mliojaa pale chini ya mwembe, habari za jioni. Vijana, marahaba, ingawa shikamoo zenyewe nimezisikia tatu tu.

Nimeitwa hapa kama mgeni rasmi. Kazi ya mgeni rasmi inajulikana: achelewe, akague timu, aseme mpaka misuli ya wachezaji ipoe, kisha akabidhi mbuzi. Kuchelewa sijachelewa. Mbuzi nimemwona, kafungwa nyuma ya goli la kule, na nadhani ndiye peke yake hapa anayeomba mechi iende mpaka matuta. Imebaki kusema.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie umuhimu wa michezo kwa vijana. Kamati mnisamehe, hilo silizungumzi. Mtu aliyevaa jezi tangu saa saba mchana kwenye jua hili anaujua umuhimu wa michezo kuliko mimi niliyekuja na mwavuli. Nitawapeleka mbali kidogo, Amerika Kusini, kwenye Copa América, mashindano ya mataifa ya kule. Na kilichonifanya niwapeleke huko ni karatasi moja niliyoonyeshwa jana.

Karatasi yenyewe ni ya rufaa. Timu moja kati ya zilizotolewa, jina silitaji maana nawaona wamekaa pale na wamenuna, imekata rufaa kwamba winga wa wenzao, namba kumi na moja, ni mamluki. Nikamuuliza katibu, mamluki kivipi? Kasajiliwa kwingine? La. Kazidi umri? La. Kazaliwa wapi? Hapahapa. Kasoma wapi? Shule hii ambayo tumekaa kwenye uwanja wake. Basi shida iko wapi? Shida, naambiwa, ni babu yake. Babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, akaja huku kukata mkonge enzi za manamba, akaoa, akajenga, akazikwa hapa. Kwa hiyo mjukuu "si wa hapa".

Kamati imeitupa rufaa hiyo, na ada ya rufaa haikurudishwa. Safi kabisa, ndiyo iliyonunua maji mnayokunywa. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwa nacheka peke yangu njiani, kwa sababu rufaa hiyo naijua. Imeshawahi kukatwa Buenos Aires, siku za kwanzakwanza kabisa za Copa América.

Mwaka ni 1916, mwezi wa saba. Wazee wa historia hapa wanakumbuka ni mwezi gani huo: ndio ambao Waingereza waliingia mji wetu wa Tanga na Wajerumani wakaondoka. Dunia inapigana. Kule ng'ambo ya Atlantiki, Argentina inasherehekea miaka 100 tangu itangaze uhuru wake, tarehe 9 Julai 1816, na katika sherehe hizo imewaalika majirani watatu waje kucheza mpira: Uruguay, Chile na Brazil. Timu nne, kila mmoja anakutana na kila mmoja, mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Ligi yenu hii ina timu nane, kwa hiyo mmewazidi mara mbili.

Katikati ya mashindano hayohayo, tarehe ileile ya uhuru, Mruguay mmoja aitwaye Héctor Rivadavia Gómez akafanikisha wazo lake: shirikisho la soka la Amerika Kusini likaundwa, hili tunaloliita CONMEBOL mpaka leo. Kombe la Dunia lilikuwa bado miaka 14 lianze. Hata Kombe la Gossage, ambalo Kenya na Uganda walianza kuligombea 1926, lilikuwa bado miaka kumi. Kombe la Afrika, 1957. Katika mashindano yote ya mabara yanayochezwa hadi leo, hayo ndiyo babu yao.

Sasa mechi ya ufunguzi. Julai 2, Uruguay na Chile. Uruguay wanashinda 4-0. José Piendibene mabao mawili, na mawili mengine kayafunga kijana mwembamba wa upande wa kushoto, Isabelino Gradín, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 19. Zilibaki siku sita. Nne bila. Mtu mwingine angeenda kulala. Lakini inasimuliwa kule, kizazi hadi kizazi, kwamba Wachile walilalamika, wakataka matokeo yafutwe. Hoja yao ilikuwa kwamba Uruguay wamechezesha Waafrika wawili.

(Hapa watu walicheka. Nikasubiri.)

Waafrika wenyewe walikuwa Gradín, na kiungo mmoja anaitwa Juan Delgado. Waruguay wote wawili. Gradín mzaliwa wa Montevideo. Kosa lao ni babu zao, ambao walifikishwa kule wakiwa wamefungwa minyororo kwenye matumbo ya meli. Na meli hizo hazikutoka Angola na Kongo peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 zilikuwepo nyingi zilizopakia watu pwani ya Msumbiji, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikaenda kushusha Rio de Janeiro, Montevideo na Buenos Aires. Pwani ileile aliyotoka babu yake namba kumi na moja. Mmoja alipelekwa kwa nguvu upande wa machweo. Mwingine alikuja kwa miguu upande huu, kwa mkataba wa manamba, ambao nao wazee wetu wanajua ulivyokuwa. Wajukuu wa wote wawili wakawa mawinga, na wote wawili wakakatiwa rufaa. Mimi haya sikuyapanga.

Bao la tatu Gradín aliwafunga Brazil, Uruguay wakashinda 2-1. Akamaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano ya kwanza kabisa. Miaka mitatu baadaye, 1919, akawa bingwa wa Amerika Kusini wa mbio za mita 200 na mita 400. Yaani beki ukimkaba mtu wa namna hiyo, unamkaba nani? Mshairi mmoja kutoka Peru, aliyehamia Montevideo, alimtungia shairi refu la kumsifu anavyokimbia na mpira. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya kutungiwa.

Lakini nisiruke mwisho wa 1916, maana vijana mtapenda. Mnafikiri vurugu za ndondo mmezianzisha nyinyi? Argentina walipocheza na Brazil walijikuta pungufu, mchezaji wao mmoja hakutokea. Wakaangalia jukwaani, wakamwona José Laguna, mchezaji wa klabu ya Huracán, amekuja zake kutazama. Wakamwita. Akashuka, akavaa, akaingia, na akafunga bao. Mechi ikaisha 1-1. Hapo hakuna aliyekata rufaa.

Na mechi ya mwisho, Argentina na Uruguay, Julai 16, haikuchezeka. Watu waliingia wengi kuliko uwanja, mechi ikavunjwa dakika chache tu baada ya kuanza, wenye hasira wakachoma moto majukwaa ya mbao. Kesho yake wakahamia uwanja wa Racing, kule Avellaneda. Suluhu, bila kwa bila. Uruguay walikuwa mbele kwa pointi moja, hivyo suluhu iliwatosha. Bingwa wa kwanza wa Amerika Kusini akawa ndiye mdogo kuliko wote wanne.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Sensa ya Uruguay ya mwaka 1908 iliwahesabu watu milioni moja na ushee. Leo wako kama milioni 3.4. Sensa yetu ya 2022 inasema Mkoa wa Dar es Salaam peke yake una watu zaidi ya milioni 5. Sasa nchi hiyo, ambayo yote ingeingia Dar es Salaam na bado ikabaki nafasi ya kuegesha daladala, imechukua Copa América mara 15. Brazil, wenye watu zaidi ya milioni 200, na Pelé, na Garrincha, na Ronaldo, wamechukua mara 9. Argentina ndio wanaoongoza, mara 16, na hiyo ya 16 wameipata juzi tu, 2024.

Wataalamu watakupa sababu nyingi. Watakwambia bandari, Waingereza wa reli waliokuja na mipira, shule za bure. Zote zina ukweli. Peñarol yenyewe, klabu ya Gradín, ilizaliwa na wafanyakazi wa reli. Mimi nina yangu moja, na mnivumilie kwa sababu nilifundisha hesabu miaka thelathini. Ukiwa na watu milioni moja, ukitafuta kumi na mmoja wa kucheza mpira, huna mtu wa kumwacha nje. Huwezi kusema huyu mweusi, huyu babu yake alikuwa mtumwa, huyu anabeba mizigo bandarini. Ukimwacha huyo, unamtoa wapi mwingine? Uruguay hawakuwa malaika. Watu weusi wa Montevideo waliishi kwa tabu, wengine hadi leo, na Gradín mwenyewe alifariki 1944 akiwa maskini. Lakini uwanjani walimhesabu. Wenzao bado walikuwa wanauliza huyu ni wetu au si wetu, wao wameshapata mabao.

Wasikilizeni sasa Brazil.

Brazil ilifuta utumwa mwaka 1888, nchi ya mwisho katika Amerika yote. Miaka minne baadaye São Paulo akazaliwa mtoto, Arthur Friedenreich. Jina la Kijerumani, la baba. Mama yake Mbrazil mweusi. Huyu ndiye aliyekuwa nyota mkubwa wa kwanza wa soka ya Brazil, na alikuwa akichelewa kutoka chumba cha kuvalia. Wenzake wameshajipanga, refa ana filimbi mdomoni, yeye bado yuko mbele ya kioo. Anapaka mafuta kichwani, anazungushia taulo ya moto, anakandamiza nywele zilale. Maana zikisimama, jukwaa litajua. Hebu fikirieni, mtu anatoka kwenda kuchezea nchi yake, na mpinzani wake wa kwanza ni nywele zake mwenyewe.

Mashindano ya 1918 yalikuwa yafanyike Rio de Janeiro. Yakaahirishwa kwa sababu ya ile homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Wazee wetu nao iliwakuta. Yakachezwa Mei 1919. Brazil na Uruguay wakalingana pointi, ikabidi warudiane. Dakika 90, bila kwa bila. Zikaongezwa 30, bado. Zikaongezwa 30 nyingine. Dakika 150 za mpira, vijana, na nyinyi hapa kipindi cha pili mnaomba maji. Bao lilipatikana dakika ya 122, mfungaji Friedenreich. Brazil bingwa kwa mara ya kwanza. Kiatu alichofungia kikawekwa kwenye dirisha la duka la sonara katikati ya mji, watu wanapanga foleni kukitazama kama kito.

Kiatu, ndiyo. Mwenyewe ikawa habari nyingine. Mwaka 1921 mashindano yalikuwa Buenos Aires, na Brazil ilikwenda bila Friedenreich. Imeandikwa mara nyingi kwamba Rais Epitácio Pessoa hakutaka wachezaji weusi wakaonekane ugenini, wasije wakaharibu sura ya nchi. Basi ilikwenda sura ya nchi, ikafungwa na Argentina, ikafungwa na Uruguay, na kombe likabaki Buenos Aires. Mwaka uliofuata Friedenreich akarudishwa kikosini, na Brazil wakalichukua kwao Rio.

Kabla sijaondoka 1919, kuna kipa mmoja siwezi kumpita. Roberto Chery wa Uruguay. Aliumia vibaya kwenye mechi na Chile, ngiri ikamkaza. Siku hizo hakuna kubadilisha mchezaji, akabaki golini. Akafariki hospitalini Rio, siku moja baada ya ile fainali ya dakika 150. Argentina na Brazil wakacheza mechi ya kumbukumbu yake, na mapato yakapelekwa kwa familia. Siku hiyo Brazil walivaa jezi za Peñarol, klabu ya marehemu. Argentina wakavaa jezi za Uruguay. Argentina hao hao, watani wa jadi wa Uruguay. Ni kama nikuambie siku moja Yanga wameingia uwanjani na nyekundu. (Kelele. Mzee mmoja wa Yanga alisimama akaketi tena.) Kaa, mzee wangu, ni mfano tu.

Uruguay waliendelea na njia yao. José Leandro Andrade, mweusi, mpiga ngoma wa kanivali, kiungo ambaye Paris nzima ilimshangaa kwenye Olimpiki ya 1924, alikuwemo kwenye vikosi vilivyobeba ubingwa wa Amerika Kusini miaka hiyo ya ishirini, na Kombe la Dunia 1930. Obdulio Varela, nahodha aliyewanyamazisha Wabrazil kwao, uwanja wa Maracanã, kwenye Kombe la Dunia la 1950, alikuwa ameshachukua Copa 1942. Ukienda Montevideo leo, mitaa ya Barrio Sur na Palermo, utasikia ngoma zinaitwa candombe, wanapita barabarani wanazipiga kwa mkono mmoja na kijiti mkono wa pili. Nimezitazama kwenye simu ya mjukuu wangu. Mzee yeyote wa hapa akizisikia atauliza harusi ya nani.

Mengine nayapitia mbiombio, maana namwona refa.

Bolivia, nchi isiyo na bahari, ilichukua kombe mara moja tu, 1963, wakiwa wenyeji. Watu husema ni urefu wa milima uliwasaidia, na kweli La Paz iko kama mita 3,600 juu ya bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ajaribu kucheza mpira Horombo. Lakini mechi ya mwisho ilikuwa Cochabamba, chini kidogo, wakawafunga Brazil 5-4. Na aliyekaa kwenye benchi la Bolivia akiwafundisha namna ya kuifunga Brazil alikuwa Mbrazil, Danilo Alvim, ambaye mwaka 1950 alikuwa uwanjani siku Varela alipowaliza. Mamluki mwingine huyo.

Honduras je? Hawako hata Amerika Kusini. Mwaka 2001 Colombia ilikuwa mwenyeji, hali ya usalama ikawatia watu hofu, Argentina wakajitoa. Honduras wakaitwa dakika za mwisho, wakafika mashindano yameshaanza, kwa ndege ya jeshi la anga la Colombia. Robo fainali wakawapiga Brazil 2-0. Wakamaliza wa tatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli Colombia walipona, wakachukua kombe lao la pekee hadi leo.

Ecuador hawajawahi kulichukua. Ila wana bonde linaitwa Chota, watu wake ni vizazi vya watumwa waliopelekwa kwenye mashamba ya miwa ya mapadri Wajesuiti. Bonde hilo dogo, kavu, lenye joto, limetoa wachezaji wa timu ya taifa mmoja baada ya mwingine. Aliyefunga bao la kwanza la Ecuador katika historia ya Kombe la Dunia, 2002, alitoka huko. Jina lake Agustín Delgado. Ndiyo, Delgado mwingine.

Messi mnamjua, sitamaliza mate. Alipoteza fainali za 2007, 2015 na 2016, hiyo ya 2016 akapaisha penalti na kutangaza anaachana na timu ya taifa. Akarudi. 2021, Maracanã, Di María akafunga bao moja, ukame wa miaka 28 ukaisha.

Nataka nifike 2024, kwa sababu hiyo nilikuwepo. Yaani, nilikuwepo sebuleni.

Fainali, Argentina na Colombia, Miami. Kwa saa zetu ilikuwa ianze saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, Julai 15. Mjukuu wangu alilala na jezi. Nikaweka kengele, nikanunua umeme wa kutosha, nikajua LUKU haitaniaibisha. Saa tisa, hakuna mpira. Watu wasio na tiketi wamevamia mageti, wengine wanapitishana juu ya uzio, watoto wanalia, polisi wanasukuma. Nikamwambia mjukuu, unaona, 1916 hiyo, moto tu ndio haujawashwa. Mechi ikaanza saa kumi na dakika ishirini na mbili. Mapumziko, wakaleta muziki, ukachukua dakika 25. Adhana ikaadhiniwa, nikaenda, nikarudi, bado bila kwa bila. Messi kaumia, anatoka, ameketi benchi analia, kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Dakika za nyongeza. Bibi akaleta chai na viazi. Jua limeshatoka, watoto wa jirani wanapita na sare za shule, ndipo Lautaro Martínez akafunga, dakika ya 112. Mjukuu wangu akaruka, chai ikaenda kwenye zulia. Nilifurahi naye. Nawapenda Argentina tangu Maradona, siwafichi.

Baada ya siku mbili akaja na simu. Hana raha. "Babu, hebu tazama." Ni video kutoka kwenye basi la mabingwa, wameirusha wenyewe, wanaimba. Nikamwomba anitafutie tafsiri. Wimbo wa kuwakejeli wachezaji wa Ufaransa wenye asili ya Afrika: wanachezea Ufaransa, lakini ni watu wa Angola. Halafu yakafuata ya mama zao na baba zao, ambayo sitayasema mbele ya kina mama.

Akaniuliza, "Babu, Angola si ni huku kwetu?"

Nikamwambia ndiyo, ni huku kwetu.

Kiungo aliyeirusha, Enzo Fernández, aliomba radhi hadharani. Shirikisho la Ufaransa likalalamika FIFA. Ofisa wa serikali ya Argentina aliyeshughulikia michezo, aliyesema kwamba nahodha anapaswa kuomba radhi, akafutwa kazi. Mimi nilikaa na ile simu mkononi nikihesabu, tabia ya mwalimu haiishi: 1916 mpaka 2024, miaka 108. Rufaa ni ileile, mwanzoni iliandikwa kwa wino, sasa inaimbwa. Ila 1916 iliyoikata ni timu iliyofungwa nne bila, na angalau hiyo unaielewa, aliyefungwa hutafuta pa kushika. Hawa walikuwa wameshinda. Kombe liko ndani ya basi.

Jezi ya mjukuu ilikaa kabatini wiki tatu hivi. Kisha nikaiona tena, anachezea uwanjani huku. Sikumuuliza. Nami mechi za Argentina bado naamka, saa tisa usiku, na bado ninashangilia, ila kuna sehemu ya koo haifunguki kama zamani.

Ndugu zangu wa ile timu iliyokata rufaa, msininunie. Nimewafundisha wengi wenu, na wengi wenu, tukianza kuuliza babu alitoka wapi, jioni hii hatutapata kumi na mmoja wa kuingia uwanjani. Babu yangu mimi alishuka na jahazi kutoka Pemba. Katibu hapa, wao ni wa Kigoma, wamekuja na mkonge huohuo. Refa sijui, lakini ameshatazama saa mara ya nne.

Basi. Timu ziingie. Waliokaa kwenye mstari wa kona wasogee, mpira hauna macho. Mbuzi apelekwe kivulini.

Namba kumi na moja, mwanangu, kabla hujaingia: kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka.